Sindano ya Wapi?

Mgonjwa wa kwetu hana haja sana na jina la dawa. Anachotaka kujua ni kama atachomwa. Akiandikiwa vidonge anavipokea kwa shingo upande, anavifunga kwenye pindo la khanga, na akifika getini anamwambia mwenziwe kwamba leo hajatibiwa, amepewa vidonge. Maneno hayo nimeyasikia mkoani Tanga tangu nilipovaa gauni la uuguzi mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi nilipostaafu, na bado nayasikia nikikaa kwenye foleni kama mgonjwa. Akiandikiwa sindano, uso unakunjuka, kisha linakuja swali: "Ya wapi, nesi?"

Watu wana madaraja yao. Ya bega ni ya chanjo na watoto wa shule. Ya tako ndiyo tiba yenyewe, hasa ikiuma. Ya mshipa ni ya mtu aliyezidiwa, na dripu inakaa juu ya zote; jamaa za mgonjwa wakiiona imening'inia wanatulia, hata kama ndani yake hamna kitu zaidi ya maji na sukari. Wenzangu wengi walilikwepa swali lile. Walijibu "geuka," basi. Mimi nililipenda, kwa sababu aliyeuliza alikuwa anagusa, bila kujua, sehemu ya kazi yetu ambayo daktari huiandika kwa herufi mbili tu kwenye cheti na kumwachia muuguzi mengine yote.

Imani ile ya sindano haikuota yenyewe. Miaka ya 1920, wakoloni walipoanza kutibu buba kwa sindano za bismuthi na arseniki, huku Tanganyika na kule Kenya, vidonda vilivyokaa miezi mingi vilikauka ndani ya siku chache. Watu waliokuwa wakiikimbia hospitali wakaifuata sindano kwa maelfu. Miaka ya 1950 ikaja penisilini inayokaa mwilini muda mrefu: dozi moja ya msuli, na buba ikaisha. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alikuwa na kovu la buba mguuni, na mpaka anaingia kaburini aliamini kwamba dawa isiyotoboa ngozi ni chai.

Wengine waliamini zaidi ya hapo, kwamba sindano ichomwe palepale penye ugonjwa. Mzee mmoja mvuvi, niliyemwandalia diklofenaki ya msuli, alipandisha kanzu akaniwekea goti lake mezani.

"Mwanangu, ugonjwa uko huku. Wewe ukinichoma huko nyuma utaupata lini?"

"Shikamoo mzee wangu. Damu itaifikisha."

"Marahaba. Damu gani, hii iliyozeeka?"

Nilicheka, lakini hoja yake ilikuwa na wakubwa wake. Mwaka 1853 Alexander Wood, daktari wa Edinburgh, alitumia bomba dogo na sindano yenye tundu kumpa mgonjwa mofini chini ya ngozi, karibu na mahali palipouma, naye aliamini kwamba dawa lazima iwekwe jirani na maumivu. Miaka michache baadaye Charles Hunter wa London alilazimika kuhamisha mahali pa kuchoma kwa sababu ngozi ilikuwa inafanya majipu, akakuta maumivu yanapungua vilevile. Dawa ilikuwa inasafiri na damu. Kwa hiyo mvuvi wangu alikuwa upande wa Wood, na mimi nilikuwa upande wa Hunter, na goti lilipoa kesho yake bila yeye kukubali kwamba nimeshinda.

Lakini Hunter hakumaliza neno. Ikiwa dawa husafiri, kwa nini tuhangaike na mahali? Kwa nini hii iwe ya ngozi, hii ya mafuta, hii ya msuli, hii ya mshipa? Jibu nililipata polepole, wodini zaidi kuliko darasani.

Darasani tulianza na machungwa. Mabomba yalikuwa ya kioo, sindano za chuma, zote zinachemshwa, na iliyokuwa butu ilinolewa kwenye kijiwe kabla ya kurudi sufuriani. Sista aliyetufundisha alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na hakuturuhusu kuangalia mkono wetu wakati wa kuchoma. Tufumbe macho, tuseme tumefika wapi. Ngozi inabisha, alisema, mafuta hayabishi, msuli unashika. Pembe tulizijua kwa kichwa: nyuzi 90 kwa msuli, 45 kwa chini ya ngozi, na kwa ndani ya ngozi sindano inalala karibu sawa na mkono wenyewe. Ila alichotaka yeye ni kidole kijue, maana usiku umeme ukikatika pembe hazionekani.

Mabomba yale ya kioo yaliondoka ukimwi ulipoanza kusemwa kwa sauti. Zikaja sindano za plastiki za kutumia mara moja, halafu zile ambazo pistoni yake hujifunga yenyewe, hata ukitaka kuirudia huwezi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote zihamie kwenye sindano za aina hiyo. Siyakumbuki mabomba ya kioo kwa mapenzi. Mvuke wake uliniunguza vidole, na sitaki kufikiria yalibeba nini kutoka kwa mtu hadi mtu.

Ukitaka kumjua muuguzi, mpe BCG. Ni chanjo ya kifua kikuu, anapewa mtoto mchanga, na kipimo chake ni mililita 0.05, tone ambalo ukilipiga kwenye meza utalifuta kwa kidole usilione tena. Linatakiwa liingie ndani ya ngozi yenyewe, kwenye unene usiozidi milimita chache, lisivuke. Mtoto anapiga mateke, mama anafumba macho, wewe umeivuta ngozi ya bega kwa kidole gumba, tundu la sindano linatazama juu. Ukisukuma na pistoni ikateleza bila kubisha, umeshapita, uko chini. Ukisukuma ikagoma kidogo, kisha kikainuka kivimbe cheupe chenye vitundu vya vinyweleo vinavyoonekana wazi, umepata. Kivimbe kinatoweka mbele ya macho yako. Baada ya wiki mbili tatu hivi kinarudi kama kipele, pengine kinafanya kidonda kidogo, kinakauka chenyewe na kuacha kovu. Kazi kubwa inabaki kwa mama: asikikamue, asipake mafuta ya taa, asipake dawa ya meno. Niliwaambia wazi kwamba kidonda kile ndiyo dalili chanjo imeshika, na walionielewa walikuja kunionyesha kwa furaha kana kwamba mtoto ameota jino.

Chanjo ileile ikizama chini ya ngozi inaweza kufanya jipu linalokaa miezi, na tezi za kwapa zinavimba. Dawa haikubadilika, kiasi hakikubadilika. Kilichobadilika ni milimita mbili.

Tuliokaa karibu na mpaka wa Horohoro tulikuwa na mchezo wetu. Tanzania BCG huchomwa bega la kulia, Kenya huchomwa mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Mtoto akija kliniki bila kadi, mama akisema imepotea, unamkunjia mikono ya shati. Mara nyingi kovu lilishatueleza amezaliwa upande gani kabla mama hajamaliza maelezo, na wala hatukumrudisha mtu. Wadigo wa Lunga Lunga na Wadigo wa Mkinga ni watu wa familia moja.

Ngozi ina askari wengi wa kinga kuliko msuli, ndiyo maana tone dogo linatosha. Hilo nililielewa vizuri kwenye kichaa cha mbwa. Wazee bado wanazisimulia sindano za tumboni, kila siku moja, wiki mbili au tatu mfululizo, na kweli zilikuwapo. Zilikuwa chanjo za zamani zilizotengenezwa kwa ubongo wa wanyama. Ya sasa huchomwa mkononi. Ukiipiga kwenye msuli, kichupa kizima kinaishia kwa mtu mmoja. Ukiipiga ndani ya ngozi, mililita 0.1 mkono huu na 0.1 mkono ule, kichupa kimoja kinaweza kuwagawia watu kadhaa walioumwa. Shirika la Afya Duniani liliufupisha utaratibu huo mwaka 2018: siku ya kwanza, siku 3 baada yake, siku 7 baada yake, wiki moja umemaliza. Kwa mkulima anayeuza mbuzi ili amlipie mwanawe chanjo, uchaguzi kati ya ngozi na msuli ni uchaguzi wa mbuzi. Na lazima wawepo wengine walioumwa siku hiyohiyo, la sivyo kinachobaki kwenye kichupa kinamwagwa jioni. Kwa hiyo njia ya bei nafuu inafaa hospitali yenye watu wengi, na kwenye zahanati ya kijiji faida yake inapungua. Mambo haya hayamo kwenye herufi mbili za cheti.

Kuna sindano nyingine katika ugonjwa huohuo ambayo Wood angeifurahia: ile kinga iliyo tayari, inayomiminwa ndani ya jeraha lenyewe na kuzunguka kingo zake. Hapo kweli mahali pa ugonjwa ndipo pa dawa, kwa sababu virusi bado viko pale, havijaingia kwenye neva. Mvuvi wangu hakuwa mjinga hata kidogo. Goti tu halikuwa mfano mzuri.

Chini ya ngozi, kwenye mafuta, nitapita haraka. Huko ndiko tunakoweka chanjo ya surua, na huko ndiko inakokaa insulini, kwa kuwa mafuta yana damu kidogo na dawa inachotwa polepole. Nilikuwa na mzee mmoja wa Maramba, mgonjwa wa kisukari, mtu wa utaratibu kupindukia. Insulini yake aliihifadhi kwenye chupa ndani ya mtungi uliowekwa ndani ya mtungi mwingine wenye maji, kivulini, na kipimo hakukosea. Sukari ikapanda, daktari akaongeza yuniti, ikapanda tena. Nikamwomba anionyeshe anavyojichoma. Akafungua shuka, akaweka kidole kushoto kwa kitovu bila kutafuta. Pale palikuwa na uvimbe laini mkubwa kuliko yai. Kwa nini hapo, baba? "Hapo hapaumi." Hapakuuma kwa sababu palishakufa ganzi, na insulini iliyoingia pale ilikuwa inachelewa, siku nyingine inatoka nusu. Tulimgawia tumbo na mapaja vipande, kila wiki kipande chake. Aliposhuka sukari, ikabidi yuniti zipunguzwe upesi zisije zikamwangusha. Jambo alilolikosa lilikuwa kuhamahama tu.

Tako ndilo lenye hadithi nyingi, na si zote za kuchekesha. Enzi zetu mtu akiumwa koo au akipata ugonjwa wa zinaa aliandikiwa PPF, penisilini nyeupe nzito, moja kila siku, na mtaani watu walihesabiana: "Nimepigwa PPF tano, siwezi kukaa." Msuli una damu nyingi kuliko mafuta, unapokea mililita kadhaa bila kupasuka, na dawa nzito ikiwekwa ndani yake inakaa kama akiba. Lakini akiba hiyo haitakiwi kabisa kuingia kwenye mshipa wa damu. PPF ikikosea njia, mgonjwa anaruka kitandani, anaona vitu, anapiga kelele kwamba anakufa, na kwa dakika chache unaamini naye. Benzathini ni mbaya zaidi. Chembe zake zinaziba mishipa midogo na moyo unaweza kusimama. Ukichelewa kuichoma inaganda kwenye sindano, hivyo unatumia sindano ya kichwa cha kijani, unachanganya vizuri, unachoma, unasukuma mfululizo bila kusita.

Na chini ya tako unapita mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini. Tulifundishwa kuligawa tako kwa mistari miwili ya mawazo, vipande vinne, na kuchoma kile cha juu upande wa nje. Kwa mtu mzima aliyelala akatulia, sawa. Kwa mtoto wa miaka miwili mwenye homa ya malaria, aliyekonda, anayejinyonganyonga mapajani mwa mama yake, vile vipande vinne vina ukubwa wa sarafu. Ndiyo sababu watoto tunawachoma paja, mbele na upande wa nje, ambako hakuna neva kubwa ya kugusa. Pentavalenti huchomwa huko. Vitamini K ya mtoto mchanga, huko pia.

Kwenye maduka ya dawa hili halikufika mapema. Mama mmoja alikuja na mtoto wa kiume anayeburuta unyayo, kidole gumba kinachora mstari kwenye vumbi la ukumbi. Homa ilikuwa imepona zamani. Alipigwa kwinini ya tako mara tatu dukani, mama akasema, na baada ya ya pili mtoto alilia kilio ambacho mama hajawahi kukisikia kwake. Nilimshika mtoto mguu nikamwambia ainue vidole. Aliinua vya mguu mmoja, kisha akanitazama mimi, kana kwamba ule mwingine ni wangu. Tulimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akapata nafuu kiasi. Mama hakulalamika. Alikuwa ameomba sindano na amepewa.

Wenzetu wa Uganda waliliona jambo hili kwa wingi. Kule Kumi, mashariki mwa nchi, madaktari walipokea watoto wengi waliokakamaa misuli ya makalio hata hawawezi kuchuchumaa, na sindano za kwinini za tako ndizo zilizonyoshewa kidole. Kwinini ni kali kwenye nyama. Miongozo ilisema ikibidi kuipiga msuli, ichanganywe kwanza na maji ya chumvi ili ipungue ukali, igawanywe mapaja mawili, na tako liachwe. Wengi walichukua ampuli wakaivuta kama ilivyo.

Kwa hiyo hospitalini tuliitoa kupitia dripu, na dripu ya kwinini ilinitoa jasho kuliko kazi yoyote ya usiku. Huwezi kuisukuma, moyo utapoteza mwendo na shinikizo litaporomoka. Inapita kwa saa 4 ndani ya maji ya sukari, kwa sababu kwinini yenyewe inashusha sukari ya damu. Chukua mtu mzima mwenye chupa ya mililita 500 na mpira unaotoa matone 20 kwa mililita: ni matone 42 kwa dakika. Nilisimama na saa ya mkononi chini ya taa ya chemli, nahesabu, nabana kigurudumu, nahesabu tena, kisha naenda kitanda kinachofuata. Nikirudi, yule wa kwanza amekunja mkono, matone yamesimama. Wa pili amenyoosha mkono, yanamwagika. Wodi ya watoto msimu wa masika, vitanda vimejaa wawili wawili, muuguzi mmoja. Mwongozo ulikuwa sahihi kabisa, ila uliandikwa kwa wodi yenye wauguzi wanne.

Ndiyo maana artesuneti ilipokuja niliipokea kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulihusu watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, na miongoni mwa vituo vyake vilikuwamo Muheza na Korogwe, huku kwetu. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Magazeti yaliandika kuhusu dawa bora. Mimi niliona na njia bora: inasukumwa kwenye mshipa kwa dakika chache, na mshipa ukikosekana inapigwa msuli wa paja, unaondoka. Mara ya kwanza, saa 12 baadaye, saa 24 baadaye. Unga wa miligramu 60 unauyeyusha kwa kimiminika chake cha mililita moja, unatikisa mpaka uwe maji maangavu, kisha unaongeza maji ya chumvi: mililita 5 kama ni ya mshipa, 2 kama ni ya msuli. Hapo napo kuna mtego. Mtu akichanganya kwa ajili ya mshipa halafu akakosa mshipa, akaamua kupiga msuli kwa kipimo alichokariri cha msuli, mtoto anapata nusu tu ya dozi. Niliwasumbua vijana wa zamu kwa swali moja kabla hawajavunja ampuli: umeamua njia? Amua kwanza.

Mara nyingine uamuzi ni kutumia njia mbili kwa pamoja. Mama mwenye kifafa cha mimba anapewa magnesiamu salfeti gramu 4 kwenye mshipa, polepole, macho yako kwenye pumzi yake, halafu papo hapo gramu 5 tako la kulia na gramu 5 la kushoto, kila moja imechanganywa na dawa ya ganzi kidogo kwa sababu hakuna sindano inayouma kuipita. Ya mshipa inakamata degedege sasa hivi. Ya matako inashika zamu ya saa nne zijazo, na saa nne hizo ndizo zinazomfikisha mama kutoka kijijini mpaka kwenye chumba cha upasuaji, kwa gari lisilo na muuguzi wa kubana dripu barabarani. Aliyeubuni utaratibu huo sijui kama aliifikiria barabara ya Lushoto wakati wa mvua, lakini unaifaa. Kabla ya kurudia dozi unagonga goti uone kama mguu unaruka, unahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, unatazama mkojo. Na ampuli ya kalsiamu iwe mezani.

Na mshipa ukikosekana kabisa? Mtoto wa kuhara, macho yameingia ndani, ngozi ukiikunja inabaki imekunjika, mishipa yote imelala. Hapo kuna mfupa wa muundi, upande wa ndani chini kidogo ya goti, pale palipo bapa. Sindano nene inazungushwa na kusukumwa mpaka ganda la mfupa linaachia ghafla, na maji yanayoingia kwenye uboho yanafika kwenye moyo sawa na ya mshipa. Jamaa wanaotazama wanadhani unamtesa. Daktari mmoja kijana alifanya hivyo mbele yangu huku bibi wa mtoto akimshika bega akimwambia, "Baba, mwache apumzike." Alipomaliza chupa ya kwanza mtoto aliomba maji, na bibi akamuuliza yule daktari amezaliwa wapi.

Ya mgongo nayaacha kwa wataalamu wa usingizi, isipokuwa neno moja. Kina mama waliojifungua kwa upasuaji wananiambia kiuno kinawauma mwaka wa tano kwa ajili ya ile sindano ya ganzi. Sindano yenyewe ni nyembamba mno. Kubeba mtoto mgongoni, ndoo kichwani na mimba nyingine juu yake hakutajwi.

Kuhusu dripu, nina ugomvi nayo. Siku hizi mtu akichoka anaingia kituo cha binafsi na kuomba atundikiwe chupa "aongeze nguvu," na anatundikiwa, kwa sababu analipa. Chupa ya nusu lita ya maji ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, kama vijiko sita vya chai. Anaweza kuipata kwa mama lishe kwa bei ya vikombe viwili vya chai, bila kutobolewa. Kila tundu kwenye mshipa ni mlango wa vijidudu, na mkono wa mtu mwenye afya hauna sababu ya kufunguliwa mlango. Nimewaambia hivyo ndugu zangu wa damu. Wananisikiliza vizuri, wananipikia chai, na mwezi ukifika wanakwenda kutundikiwa.

Mjukuu wa jirani yangu yuko chuo cha uuguzi mwaka wa pili. Juzi alikuja na hoja: wamefundishwa kwamba ukichoma chanjo huna haja ya kuvuta pistoni nyuma kuangalia damu, unachoma na kusukuma, inapunguza maumivu, na kwamba sisi wazee tulikuwa tunawatesa watoto bure. Ni kweli, na mwongozo umebadilika. Paja na bega hazina mishipa mikubwa pale tunapochoma. Nikamuuliza, na benzathini ya tako? Akafikiri kidogo. Akasema mwalimu hakufika huko. Nikamwambia amuulize, na kabla hajamuuliza, avute.